Maji ya Nasura, Masika 1955

Februari 27, Arusha
Mvua bado. Vumbi limefika mpaka kwenye mibuni ya Themi.

Leo Ndesanjo amenipa namba: tisa. Aliniingiza katika chumba chake cha vipimo, akanisimamisha karibu na dirisha. Mirija sita ya kioo ilikuwa imepangwa kwenye kibao. Mitano ni ya kulinganishia. Wa sita ulikuwa na maji ya chemchemi ya Nasura, ambayo Serikali inataka kuyapeleka kwa bomba hadi Makazi Mapya.

"Dawa yenyewe ni nyekundu," alisema. "Floraidi ikiwamo kwenye maji, wekundu unafifia. Tazama huu wa mwisho."

Ulikuwa wa njano kabisa.

"Maana yake nini?"

"Sehemu tisa katika milioni. Mtu asipite moja na nusu."

"Akipita?"

"Meno ya rangi ya chai. Hayo unayaona mjini kila siku, mpaka watu wanadhani ni urithi. Lakini kwa tisa, mtoto anapinda miguu. Akiwa mtu mzima mgongo unakakamaa, hawezi kugeuza shingo amwone anayemwita."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Nikaandika kwenye daftari langu la kazi: tarehe, Nasura, tisa. Aliniomba nisichapishe gazetini mpaka taarifa ipite kwa Bwana Pelham, mkuu wa Ofisi ya Uchunguzi wa Maji. Nilikubali.

Kwa kumbukumbu: Ndesanjo ni mtu wa Marangu, miaka thelathini na sita. Alisoma Makerere, akabaki pale miaka miwili akifundisha vipimo vya kemia. Akaenda Uingereza, akarudi na shahada ya uhandisi. Miaka minne alikuwa kiwanda cha mkonge upande wa Tanga, akiangalia maji ya mitambo ya mvuke. Mameneja wa kule walimpenda na hawakumpandisha cheo. Serikali ilimchukua mwaka juzi. Mwaka huu Arusha inafungua maabara ya maji ya jimbo zima, na jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha ya wanaotazamwa kuwa mkuu wake. Hajawahi kuwako Mwafrika katika kazi ya namna hiyo hapa. Anazo suti mbili, na zote anazipiga pasi mwenyewe.

Machi 3
Nimekwenda na Ndesanjo Makazi Mapya, chini ya maziwa ya Momela. Kaya mia na arobaini, zilizoondolewa kwenye ardhi iliyopewa walowezi wafugaji. Waliahidiwa bomba. Hadi leo wanawake wanateka mtoni, ndani ya shamba la kahawa la mlowezi mmoja. Kwenda ni saa mbili, kurudi na debe kichwani ni saa mbili na nusu. Mwenye shamba anawaruhusu kupita mpaka bomba litakapofika. Maji ya mto ule Ndesanjo ameyapima: ni mazuri, chini ya moja.

Msemaji wao ni Loishiye, mtu mfupi mwenye koti la jeshi. Alimwona Ndesanjo akishusha kasha la chupa.

"Karibu, Bwana Injinia. Umekuja tena na chupa zako? Wewe kila siku unachukua maji yetu, kuleta huleti!"

Watu wakacheka. Ndesanjo naye akacheka kidogo.

Mwanamke mmoja, Anande, alimfuata mpaka kwenye gari. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, Anaeli, na amemshika mkono binti wa miaka sita, Nanyori. Miguu ya binti imepinda nje kuanzia magotini. Anatembea kwa kuyumba, bega hili kisha lile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Huyu alikua kwa maji ya kule ziwani. Haya ya Nasura ni kama yale?"

"Bado napima, mama."

"Ukimaliza utaniambia?"

"Nitakuambia."

Ndesanjo alikuwa anaijua namba tangu siku nne zilizopita.

Machi 9
Mvua bado. Joto. Hakuna habari.

Machi 14
Mvua imeanza saa nane mchana. Barabara ya sokoni imekuwa mto.

Machi 19
Nimeonana na Bwana Pelham. Ni mtu mpole, anasema Kiswahili kizuri kuliko karani wake, na chai anamimina mwenyewe. Nilimwuliza kuhusu Nasura.

"Mabomba yamekwisha fika stesheni, Bwana Hatibu. Maili sita za mabomba. Ungependa niyarudishe?"

"Ningependa kujua kama maji yamepimwa."

"Yanapimwa. Kanuni inataka sampuli nne, kila moja wiki mbili baada ya nyingine. Tumeanza wiki hii."

"Ya Februari je?"

Alinitazama kwa upole ule ule. "Ya Februari haimo kwenye jalada. Haikufuata utaratibu."

"Sasa ni masika. Mvua inaingia kwenye chemchemi."

"Mvua nayo ni maji, au sivyo? Kanuni inasema nne. Inaangalia ya mwisho, na haisemi mwezi gani."

Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Machi 20
Jumapili. Ndesanjo amenialika chakula cha mchana. Mkewe, Hedwiga, ni Mkatoliki wa Kibosho, mwalimu, mwepesi wa maneno. Wanaishi vyumba viwili vinavyovuja. Mtoto wao, Elinami, alikuwa amelala chini ya meza kwa sababu hapo ndipo pakavu.

Nilimwuliza Ndesanjo taarifa ya Februari iko wapi.

"Pelham amenirudishia. Amesema niiandike upya baada ya mvua, pamoja na zile nne."

"Naomba niione."

Akamtazama mkewe.

"Nimewashia jiko," Hedwiga alisema. "Kuni mbichi, Bwana Hatibu, ungefanyaje wewe? Wali unaokula umeiva kwa taarifa hiyo."

Ndesanjo hakucheka. Mimi nilikula.

Machi 28
Sampuli ya kwanza: tatu. Nyufa zote za korongo zinatiririsha maji ya mvua ndani ya chemchemi.

Aprili 6
Mvua siku tisa bila kukatika.

Aprili 11
Sampuli ya pili: mbili. Ndesanjo alinionyesha mrija. Wekundu umerudi, hafifu, kama maji yaliyosuuziwa nyama. Nilimwuliza kama anaamini kipimo hicho.

"Kipimo ni sahihi kabisa," alisema. "Kinapima kilichomo ndani ya chupa."

Aprili 13
Nimeandika kwa mhariri wangu Dar es Salaam kwamba maji ya Nasura yanapimwa wakati wa mvua tu. Sikutaja tisa. Nimeahidi, na karatasi haipo.

Aprili 25
Sampuli ya tatu: moja na nusu.

Jibu la mhariri limekuja na posta ya leo: "Habari ya maji iletwe maji yakifika."

Aprili 30
Mahindi ya mjini yote yamelala. Nyumba mbili za udongo zimeanguka Kaloleni. Hakuna aliyekufa.

Mei 7
Jumamosi. Nimemkuta Loishiye ofisini kwa Pelham, koti limelowa, anangoja kwenye benchi tangu asubuhi. Ndesanjo akatokea na kasha lake.

"Injinia, sema kweli," Loishiye alimwambia mbele ya makarani. "Ni wewe unayetuchelewesha?"

"Nani kasema?"

"Bwana mkubwa. Anasema mabomba yapo, vibarua wapo, hela ipo, kilichobaki ni sahihi ya Mwafrika mwenzetu. Wiki iliyopita binti wa ndugu yangu ameteleza mtoni na debe. Mimba imetoka. Tukizika mwingine tukuletee hapa umpime kwa chupa zako?"

Ndesanjo alisimama na kasha mikononi. Alikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale. Makarani watano walikuwapo, nami nilikuwapo. Akasema, "Imebaki chupa moja, mzee." Akaingia ndani.

Tangu Februari nilikuwa namhesabu kuwa mtu anayengoja wakati wake. Leo nimefuta hesabu hiyo.

Mei 9
Sampuli ya nne: moja na robo.

Mei 12
Ndesanjo ametia sahihi. Aliniita niwepo, sijui kwa nini. Hati ni ukurasa mmoja. Juu kuna jina la chemchemi, katikati vipimo vinne, chini maneno: "Maji haya yanafaa kwa matumizi ya binadamu." Pelham alikuwa ameacha mistari miwili ya sahihi. Ndesanjo alipotia yake, Pelham alichukua rula akaukata mstari wa pili.

"Haina haja ya mbili," alisema. "Wewe ndiye mtaalamu."

Akampa mkono. Kisha akampa barua nyingine, ya kuteuliwa kukaimu ukuu wa maabara kwa miezi mitatu, na nyumba ya Serikali yenye bati jipya na tangi la maji ya mvua.

Nje nilimwuliza Ndesanjo swali moja: kiangazi itakuwaje?

"Nikiwa mkuu wa maabara," alisema, "nitapima kiangazi, nitaandika, na sahihi yangu itakuwa na nguvu. Leo ningekataa, angesaini mwingine asiyejua kitu, nami ningerudi kwenye mkonge. Unaona? Hii ndiyo njia."

Alilieleza vizuri. Naamini alikuwa amelieleza mara nyingi kabla sijamwuliza.

Mei 15 hadi 28
Mvua inapungua. Vibarua wanachimba mtaro. Hedwiga amehamia nyumba mpya. Ameniambia njiani akicheka, "Sasa mwanangu analala kitandani, na mimi nimeacha kuchagua karatasi za kuwashia jiko." Kisha akaacha kucheka ghafla, akaniaga.

Juni 4
Bomba limefunguliwa Makazi Mapya. Mgeni rasmi kutoka Dar es Salaam, kwaya ya Kilutheri, mbuzi watatu, pombe ya ndizi mitungi kumi. Pelham alikata utepe. Maji yalitoka na matope kwanza, kisha yakatakata, na wanawake wakapiga vigelegele kwa muda mrefu sana.

Mgeni alipokwisha kunawa mikono akatamka kwamba ni maji ya baridi na mazuri. Hapo ndipo Loishiye aliposimama.

"Bwana mkubwa, kwetu hapa aliyepika pombe anaonja kwanza, mbele ya wageni wote. Akishaonja, ameapa. Haya maji hayakupikwa na mgeni. Yamepikwa na Injinia wetu. Aonje yeye."

Watu wakaitikia. Anande ndiye aliyeleta kibuyu. Alikijaza mpaka juu, akampa kwa mikono miwili na kupiga goti.

"Umemaliza kupima, baba?"

"Nimemaliza."

"Si kama yale ya ziwani?"

Pelham alikuwa hatua mbili nyuma yake. Nilitazama saa yangu, kwa mazoea tu. Ndesanjo alikaa kimya sekunde nne. Kisha akasema, "Si kama yale," akanywa kibuyu kizima bila kupumzika. Walimbeba mabegani. Nanyori alikunywa baada yake, wa kwanza katika watoto, kwa sababu ya miguu yake walimpisha mbele.

Nilituma maneno mia mbili na hamsini Dar es Salaam. Yametoka yote, ukurasa wa kwanza.

Juni 11
Mvua imekwisha. Mlima Meru uko wazi mpaka kileleni.

Juni 20
Tangazo limebandikwa kwenye lango la shamba la kahawa: kwa kuwa Makazi Mapya sasa yana bomba, ruhusa ya kupita kwenda mtoni imefutwa kuanzia leo. Waya umeongezwa nyuzi tatu. Maji ya mto wote sasa ni ya kumwagilia mibuni. Nilimwuliza Pelham kama alijua.

"Ilikuwa sharti la mwenye shamba tangu mwanzo," alisema. "Ndiyo maana alichangia mabomba."

Juni 27
Ndesanjo alikwenda Nasura peke yake, akarudi na chupa. Saba.

Ameandika taarifa. Safari hii ametoa nakala tatu.

Julai 2
Taarifa iko mezani kwa Pelham. Pelham anasafiri.

Julai 9
Pelham amerudi, na majibu yamekuja yote kwa siku moja. Nimeyasoma kwa macho yangu, Ndesanjo alinipa nisome.

Barua inasema kwamba taarifa ya Juni inapingana na hati ya Mei iliyotiwa sahihi na mtaalamu huyo huyo, peke yake. Kwamba kupanga tarehe za sampuli kulikuwa kazi yake. Kwamba mhandisi asiyejua kwamba mvua huzimua chemchemi hafai kukabidhiwa maabara ya jimbo. Kaimu wa pili ameteuliwa, kijana Mwingereza aliyemaliza chuo mwaka jana. Ndesanjo ameachishwa kazi, na nyumba airudishe katika siku kumi na nne. Kuhusu bomba: fedha imekwisha tumika, jambo litaangaliwa upya katika bajeti ya mwaka 1957.

"Wewe unayo," aliniambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila tai. "Ile ya Februari. Uliiandika tisa mbele yangu, na tarehe. Nitakata rufaa. Utawaonyesha kwamba nilijua."

Nilitoa daftari, nikamfungulia ukurasa. Akaweka kidole kwenye namba.

"Hii hapa!"

"Ndiyo. Nikiionyesha, hutakuwa tena mtaalamu asiyejua. Utakuwa mtaalamu aliyejua akatia sahihi. Kwa la kwanza wanakufukuza. Kwa la pili wanakushtaki."

Kidole kilibaki pale. Hedwiga alikuwa mlangoni, anafunga vyombo kwenye gunia. Hakutuangalia.

"Sasa unataka nifanye nini, Baba Elinami?" alisema, ingawa hakuna aliyemwuliza. "Nikawashie jiko na hilo nalo?"

Ndesanjo alifunga daftari mwenyewe, akanirudishia. Amechagua kuitwa mjinga.

Julai 12
Nimeandika habari ya ile namba saba kwa mhariri, bila daftari la Februari, kwa kutumia nakala ya Juni. Jibu limekuja kwa simu ya maandishi, maneno manne: "Huyo si amefukuzwa? Haitoki."

Julai 17
Jumapili. Ndesanjo amepanda baiskeli kutoka mjini mpaka Makazi Mapya. Mimi nilikwenda na lori la kuni, nikafika kabla yake. Alifika saa sita, vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu walikuwa wanatoka kanisani na wengi walikuwa bombani.

Hakusalimia. Alisimama kati ya bomba na foleni.

"Msinywe haya maji. Yafulieni, lakini msinywe, na watoto msiwape kabisa."

Foleni yote ilimgeukia. Kisha Loishiye akauliza taratibu, "Yameharibika lini?"

"Hayakuharibika. Yalikuwa hivi tangu mwanzo. Nilijua tangu Februari."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na pale ulipokunywa mbele yetu sote?"

"Nilijua."

Loishiye aligeuka akawatazama watu, kama mtu anayewapa zamu ya kucheka, lakini hakucheka mtu. "Kijana, tumesikia umeondolewa kazini. Pole. Ulipokuwa na kazi, maji yalikuwa mazuri. Leo huna kazi, maji ni sumu. Kwa hiyo ulitudanganya siku ile, au unatudanganya leo. Tuchague ipi?"

"Ya leo ni kweli."

"Aliyeonja ameapa. Wewe umeonja."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Anataka Mzungu amrudishe!" Sasa wakacheka. Jiwe dogo liligonga baiskeli yake.

Anande alikuwa wa tatu kwenye foleni. Hakucheka. Alitoka, akaja mpaka mbele yake, debe mkononi, mtoto wake mchanga Anaeli mgongoni, Nanyori kando yake.

"Mimi nakuamini," alisema.

Ndesanjo akafumba macho.

"Nakuamini, baba. Nilikuona ulivyokaa kimya siku ile. Sasa niambie. Mtoni kuna waya. Askari wa shamba wamempiga mke wa jirani yangu juzi. Ziwani ndiko huko alikopindia huyu. Maji mengine yako wapi?"

Alingoja jibu. Wote walingoja, hata Loishiye. Ndesanjo alitazama upande wa mto, akatazama juu kwenye korongo la Nasura, akanitazama mimi. Mtu aliyesoma Makerere na Uingereza, aliyejua kupima kilichomo ndani ya chupa yoyote katika jimbo hili.

"Hakuna," alisema.

Anande aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akarudi kwenye nafasi yake ya tatu, na waliokuwa nyuma yake wakampisha. Zamu yake ilipofika alikinga debe mpaka likajaa. Kisha akamshusha Anaeli kutoka mgongoni, akachota kwa kiganja, akamnywesha. Mtoto alikuwa na kiu. Alishika kidole cha mama yake ili mkono usiondoke.